Kuufuata Mfereji Hadi Shina la Ulimi

“Toa ulimi nje.” Ndivyo daktari anavyomwambia mtoto mwenye uvimbe katikati ya shingo, huku vidole vyake vimeushika uvimbe huo taratibu. Ulimi unatoka, uvimbe nao unapanda. Sijui kipimo kingine cha udaktari kinachonipendeza kama hiki. Hakitaki mashine wala sindano, nacho kinasimulia mambo ya mtu kabla hajazaliwa.

Maana tezi ya thairoidi haianzii shingoni. Takriban wiki ya 4 ya mimba huchipuka kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mahali pake, ikiacha nyuma mfereji mwembamba. Kwa kawaida mfereji huo hunywea na kutoweka. Kikibaki kipande, ute hukusanyika humo hadi kikawa kifuko, na kwa kuwa bado kimefungamana na ulimi, ulimi ukitoka nacho huvutwa.

Mwenye haraka ataona kazi nyepesi: pasua, toa kifuko, shona. Wengi walifanya hivyo, na mara nyingi uvimbe ukarudi. Mwaka 1920, Walter Ellis Sistrunk, daktari wa upasuaji wa Mayo Clinic huko Marekani, alieleza njia inayofuatwa hadi leo. Kifuko hutolewa pamoja na sehemu ya kati ya mfupa mdogo wa hioidi, ulio juu ya zoloto, maana mfereji hupita umeugandama. Kutoka hapo mkono hupanda kuelekea shina la ulimi, na hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Mfereji wenyewe hauonekani vizuri, hukatika upesi, na huweza kuwa na matawi. Basi Sistrunk hakuhangaika kuuchambua. Aliuondoa pamoja na nyama inayouzunguka. Kwa njia hii wanaorudiwa na uvimbe ni wachache, chini ya 1 katika 10, na mtoto humeza na kusema vizuri bila kile kipande cha mfupa.

Subira huanza kabla ya kisu. Kifuko kikiwa na usaha, dawa hutangulia na upasuaji husubiri. Ultrasaundi nayo hupigwa kuhakikisha tezi ipo mahali pake, kwani mara chache uvimbe ule ndio tezi pekee aliyo nayo mgonjwa. Ukiutoa, atameza vidonge maisha yake yote.

Uvimbe wa ubavuni mwa shingo una asili nyingine, na njia yake huweza kupenya katikati ya mishipa miwili mikubwa ya damu hadi kwenye tonsili. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, daktari makini hauiti wa kuzaliwa nao mpaka kwanza aitafute saratani, kwa sababu saratani ya koo iliyosambaa huweza kujaa maji na kufanana nao kabisa.