Vumawimbi, Pemba: Ufukwe Usio na Mfano!

Niseme mapema, moyo ukiwa bado unanidunda: katika fukwe zote nilizokanyaga, Vumawimbi ndio namba moja! Uko Ras Kigomasha, kaskazini kabisa ya Pemba, na umeelekea jua linapochomoza.

Raha inaanza njiani. Ukiipita Konde, barabara inazama ndani ya Msitu wa Ngezi. Miti mirefu imefunga juu, ubaridi unakuvaa, harufu ya majani mabichi imejaa hewani. Haya ni mabaki ya msitu wa asili uliokuwapo Pemba kabla mikarafuu haijatawala kisiwa. Humu wamo popo wa Pemba, wale wakubwa wala matunda wasiopatikana kwingine popote duniani. Walikaribia kutoweka miaka ya 1980. Leo wako kwa maelfu! Kisha msitu unaachia ghafla, na mbele yako ni bahari tupu.

Mchanga wake, jamani! Mweupe, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa, unapinda taratibu mpaka macho yanachoka kuufuata. Maji ya ukingoni yanang'aa, mbele yanageuka kijani, na kule mbali ni buluu iliyokolea. Nilitembea weee! Nyuma yangu zilibaki nyayo zangu na vijia vya kaa, basi. Hakuna miavuli ya kukodi, hakuna spika, hakuna anayekufuata na shanga za kuuza.

Watu wapo, nao ndio wenyewe. Wavuvi walikuwa wakivuta ngalawa juu ya mchanga. Nikawaamkia, wakanikaribisha, wakanionesha changu na pweza waliotoka majini muda huo. Kwa utulivu ule unasikia kila kitu: kamba ikikwaruza ubao, upepo ukipita majanini, wimbi likivunjika. Huo ndio utajiri wa Vumawimbi: hakuna kinachogombania macho wala masikio yako, kwa hiyo bahari unaipata yote!

Ukienda, beba maji ya kunywa na chakula, na taka zako rudi nazo. Vaa nguo za stara unapopita Konde na vijijini. Kabla ya kuogelea, waulize wavuvi maji yanajaa au yanakupwa. Fika alfajiri uone jua likitoka baharini, kisha jioni vuka rasi hadi Verani, upande wa magharibi, ulione likizama kwenye Mkondo wa Pemba. Rasi moja, jua lote!

Fukwe za Nungwi na Kendwa kule Unguja ni nzuri, sikatai. Lakini kama uko Unguja na una siku mbili za ziada, usizimalizie huko. Panda boti, shuka Mkoani, tafuta gari la Chake Chake, unganisha hadi Konde, kisha chukua bodaboda umwambie dereva: Vumawimbi. Nenda mwaka huu, usingoje kusimuliwa!