Seli, Chembe na Kiini: Uhakiki wa Lugha ya Somo Moja

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani aghalabu huombwa maneno na wenzetu wa sayansi. Somo mojawapo linaloleta maombi hayo ni lile la seli za mimea na wanyama. Yafaa tuyahakiki maneno yake, kwani neno lililochaguliwa ovyo humfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli.

Tuanze na jina lenyewe. Mnamo mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alieleza alichokiona kwa hadubini katika gome jepesi la mti, lile linalozibia chupa: vijumba vitupu vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Kumbe alichokiona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Jina hilo basi lilizaliwa na mmea, na picha ya chumba haiielekei seli ya mnyama, ambayo haina ukuta.

Kwa sababu hiyo, wako wanaopendelea “chembe”. Lakini chembe ya mchanga au ya mtama ni kitu kikavu na kigumu, hali seli hai ina majimaji na sehemu zenye kazi mbalimbali. Isitoshe, mwanafunzi huyo huyo ataambiwa katika fizikia kwamba maada yote ni chembe. Kwa maoni yetu “seli” ni afadhali, mradi mwalimu aitenge na seli ya mahabusu.

“Kiini” ni neno zuri, ila lina mtego. Mwanafunzi analijua kutokana na yai, na kiini cha yai ni akiba ya chakula cha kifaranga. Kiini cha seli ndicho kinachohifadhi maagizo ya urithi. Tofauti hiyo isiposemwa, mwanafunzi atayachanganya mawili hayo.

Penye “ukuta” na “utando” Kiswahili kimefaulu sana. Ukuta ni mgumu. Utando ni mwembamba, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Kosa liko katika sentensi tunayoisikia mara kwa mara: “Seli ya mmea ina ukuta, ya mnyama ina utando.” Maneno yote mawili ni sahihi, lakini sentensi inapotosha. Seli zote mbili zina utando; ya mmea huongeza ukuta kwa nje.

Michoro nayo haina budi kuhakikiwa. Seli ya mmea huchorwa ikiwa na kloroplasti, yaani vile vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Halafu darasa hupewa ngozi ya kitunguu na tone la iodini. Mwanafunzi huona kuta na viini, lakini kijani hakioni, akadhani amekosea. Hakukosea: kitunguu hukua gizani udongoni, wala hakihitaji kloroplasti. Jani la kuvumwani lingemwonyesha kijani hicho.

Ushauri wetu ni kwamba kitu kitangulie, jina lifuate. Na mwalimu wa Kiswahili anapoombwa neno, asitoe neno peke yake. Aeleze pia picha iliyomo ndani yake na mahali picha hiyo inapokoma. Asipofanya hivyo, mwanafunzi wetu atafaulu mtihani kwa kukariri, naye asijue mwili wake umejengwa kwa nini.