Saa Mbili, Saa Nne, Saa Sita

Kabla ya kumgusa mtoto, muuguzi husugua viganja vyake mpaka vipate joto. Mara ya kwanza nilidhani ni baridi ya alfajiri. Kumbe kazi ilikuwa imeshaanza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiguswa na mkono wa baridi hushtuka, na akishtuka misuli hukaza kama kamba ya tanga. Ukimgeuza katika hali hiyo unamuumiza. Basi muuguzi hupasha mikono, humsogelea kwa upande anaoonekana, humwita kwa jina, kisha humwambia, "Mwanangu, sasa nakugeuza." Halafu husubiri. Mtoto wa miaka tisa asiyeweza kutamka neno huitika kwa macho. Ndipo shuka huvutwa.

Mgongo wa mtoto asiyetembea haupindi kwa siku moja. Misuli ya upande mmoja huvuta kuliko ya upande wa pili, mtoto huegemea huko huko kila siku, na mifupa ambayo bado inakua hufuata. Miguu yote miwili hulalia upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nyonga moja hupanda, mbavu hubanana, pafu hukosa nafasi. Madaktari huuhesabu mpindo kuwa ugonjwa kuanzia nyuzi 10 kwenye picha ya eksirei. Muuguzi hana picha mkononi. Yeye huona bega moja limeshuka, mkunjo mmoja wa kiuno umezama kuliko mwenzake, na jasho limejificha ndani ya mkunjo huo. Hulifuta, hupakausha, hupachungulia tena.

Mito maalumu hana. Ana khanga kuukuu na mataulo anayoyaviringisha mwenyewe. Moja huenda nyuma ya mgongo, ili mtoto alale ameinama kiasi cha nyuzi 30 tu, asiukandamize mfupa wa nyonga. Nyingine huenda katikati ya magoti yasisagane. Ya tatu huwekwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vibaki vinaning'inia bila kugusa godoro. Hapa ndipo huchukua muda wake. Huingiza vidole viwili chini ya kisigino. Visipopita, huondoa taulo na kuanza upya. Niliona akianza upya mara tatu kwa mguu mmoja. Mwisho hunyoosha shuka, maana mkunjo mmoja wa shuka uliolaliwa usiku kucha unatosha kuchubua ngozi.

Vitabu vingi vya uuguzi vimefundisha kutafuta wekundu kama dalili ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo yeye hupitisha mgongo wa mkono kisogoni, kwenye nundu ya uti, nyongani na kwenye vifundo, akitafuta mahali penye joto kuliko pembeni yake, pagumu kuliko pembeni yake, au peusi kuliko pembeni yake. Hasugui. Zamani wodini palisuguliwa kwa spiriti na poda. Sasa inajulikana kwamba kusugua mahali palipoanza kuumia huzidi kupaharibu kwa ndani. Akikuta joto, upande huo haulaliwi mpaka upoe.

Kwa mtoto mwenye mgongo wazi huongeza tahadhari nyingine. Huyo huenda hahisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, hivyo maji ya kuoga muuguzi huyapima kwa kiwiko chake mwenyewe. Yakiwa ya moto, mtoto hatalia.

Wakati wa uji nilimwona mama mmoja akimnywesha mwanawe akiwa amelala chali, kama alivyozoea nyumbani. Muuguzi hakumkaripia. "Mama, tumkalishe kwanza. Wewe shika kijiko, mimi nishike kichwa." Kichwa kiliinamishwa mbele kidogo, kijiko kikaja kutoka mbele usawa wa mdomo. Kikija kutoka juu mtoto hutupa kichwa nyuma, na uji huweza kwenda mapafuni. Bakuli dogo lilichukua karibu dakika 40. Kisha mtoto akabaki ameketi nusu saa nyingine, kwenye kiti cha maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano, kwa njia aliyoieneza Bevill Packer huko Zimbabwe. Kiti kile kimekatwa kwa vipimo vya mtoto mmoja, na akikua hutengenezewa kingine.

Kazi hii haiunyooshi mgongo uliokwisha kupinda. Watoto wengine hufika kwenye upasuaji, na baada yake hugeuzwa kama gogo: watu watatu, mmoja akihesabu, bega na nyonga vikienda pamoja.

Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliona kidonda cha mgonjwa wa kitandani kuwa kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si la ugonjwa. Nakubaliana naye nusu. Kugeuza ni kila baada ya saa mbili: saa mbili usiku, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Muuguzi mmoja mwenye vitanda 30 hawezi kuifuata ratiba hiyo hata awe na moyo wa dhahabu, na lawama hiyo ni ya anayepanga zamu na anayetoa ajira.

Kama una mtoto wa namna hii nyumbani, usiku wa leo pasha mikono yako, mwite jina, umgeuze. Pitisha mgongo wa mkono kisogoni, mgongoni, nyongani na visiginoni. Ukikuta joto, ugumu au weusi mpya, usimrudishe kulalia hapo, na asubuhi mpeleke kituo cha afya.