Tatizo la Kuwahurumia Wapenzi katika Rosa Mistika

Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), imezoeleka kuhakikiwa kama riwaya ya malezi. Mjadala kuhusu Zakaria, baba mlevi na mkali, umefunika ukweli kwamba hii ni riwaya ya mapenzi pia. Mwanzoni, Rosa anapigwa vikali na babaye kwa sababu ya barua ya Charles. Mwishoni, Charles huyo huyo anavunja uchumba, na Rosa anajiua. Hata hivyo, wasomaji wengi hupata shida kuwahurumia wapenzi hawa. Makala haya yanachunguza chanzo cha shida hiyo.

Chanzo cha kwanza ni jina. Rosa Mistika, yaani Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya majina ya sifa anayoitwa Bikira Maria katika litania. Msomaji wa Ikonge, huku Nyamira ambako makanisa ya Kikatoliki na ya Kisabato yametia mizizi mirefu, anampima Rosa kwa kipimo cha utakatifu hata kabla hajatenda lolote. Rosa anapofika chuoni Morogoro na kuingia katika uhusiano na wanaume wengi, msomaji huyo anajiona amesalitiwa. Si ajabu kwamba kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Chanzo cha pili ni usawiri wa Charles. Anapogundua kwamba mchumba wake si bikira, anamwacha. Tunaelezwa uamuzi wake, lakini nafsi yake haichimbuliwi kwa kina kama ile ya Rosa. Kwa hiyo anabaki kuwa sauti ya jamii kuliko kuwa mpenzi aliyeumia. Kwa maoni yetu, hapa pana udhaifu wa kisanaa: pigo linalomwangamiza Rosa linatoka kwa mtu ambaye hatukumfahamu vya kutosha.

Lakini udhaifu huo una faida yake. Mwandishi anafikisha kisa mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanatupiana lawama. Kwa kuwa shauri hilo ni la malezi, fungu la mpenzi katika maangamizi ya Rosa linaachiwa msomaji alitolee hukumu. Ndipo tunapogundua jambo la aibu: wengi wetu tulikwisha kuhukumu pamoja na Charles, kwa kipimo chake, bila kudai naye apimwe.

Ni lazima tutofautishe kuhurumia na kuidhinisha. Kumhurumia Rosa si kusema kwamba alitenda vyema. Ni kukubali kwamba aliyelelewa kwa kiboko na kufungiwa mbali na wavulana hakufundishwa kuchagua. Uhuru ulimkuta hana silaha. Kumhurumia Charles nako, kama kunawezekana, ni kumwona kama zao la malezi yale yale, yaliyomfundisha kuthamini ubikira kuliko mtu.

Walimu wanaofundisha riwaya hii wasiharakishe kuuliza, “Nani wa kulaumiwa?” Darasani mna mabinti wanaosikiliza jinsi wenzao wanavyomtaja Rosa, nao wanajifunza humo watakavyotajwa wao siku wakiteleza. Swali linalofaa kutangulia ni hili: ni nini kinachotufanya tumnyime huruma yetu?