Tangi Tupu: Maoni juu ya Tafsiri ya Kijitabu cha Mafundi

Tumepata kuusoma mswada wa Kiswahili wa kijitabu kinachofundisha namna ya kutengeneza au kubadilisha tangi la mafuta la gari la kale, hasa Land Rover fupi za miaka ya 1950 na 1960. Mfasiri hatutamtaja, na kazi yake kwa jumla yastahili sifa. Sentensi zake ni fupi. Pale ambapo fundi analo neno lake, mfasiri hakuona haya kulitumia: ameandika tangi, kabureta, geji, pampu na kutu, wala hakutubunia majina ya maneno sita kama wafanyavyo wale ambao hawajapata kuingia gereji hata siku moja. Lakini umo ukurasa mmoja ambao sisi hatuwezi kuupitisha, na ndio uliotufanya tushike kalamu.

Tuanze na jepesi. Kichwa cha mswada kinasema "gari kuukuu". Kitu kuukuu ni kile kilichochakaa kwa matumizi, kama nguo au kiatu. Mwenye gari alilolitunza miaka hamsini hatapenda kuambiwa hivyo. "Gari la kale" latosha. Waingereza wenyewe hulitumia neno lao, waliloliazima kwenye mavuno ya zabibu, kwa magari yaliyoundwa kati ya mwaka 1919 na 1930 tu. Kwa kipimo hicho Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, haimo kabisa. Hatuoni sababu ya kuyafuata mahesabu yao.

Zito kidogo ni neno "kutengeneza". Katika Kiswahili aundaye tangi hutengeneza, na azibaye tundu la tangi hutengeneza vilevile. Katika mazungumzo hapana tabu, kwa kuwa tangi lenyewe liko mbele yetu. Katika hati ya ununuzi mambo ni mengine. Karani akiandika "tangi lililotengenezwa upya", muuzaji aweza kumletea jipya, na aweza kumletea lililotiwa kiraka na kupakwa rangi, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Twashauri "kuunda" litumike kwa kazi ya kiwandani, "kukarabati" kwa kazi ya gereji, na pale ambapo la zamani linatupwa iandikwe wazi: "kuweka tangi jingine".

Sasa tuufikie ukurasa wenyewe. Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba tangi la gari hilo huwa chini ya kiti cha mbele cha kulia, na huchukua galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 hivi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, lakini tangi ni la bati la chuma. Tope hulishika kwa nje. Na kwa ndani maji yaliyochanganyika na petroli, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutua chini na kukaa humo. Kutu basi hula pande zote mbili, na tundu hutokea kwenye mshono wa chini. Hapo ndipo mswada unapomwagiza fundi amwage mafuta yote, na "tangi likiwa tupu, lilehemu".

Maneno manne, na mawili kati yake ni ya hatari.

"Tupu" katika lugha yetu halina maana ya pasipo kitu. Wali mtupu ni wali uliokosa kitoweo, sahani imejaa. Mtu aliyerudi mikono mitupu hana alichotarajiwa kuleta. Neno hili lataja kukosekana kwa kile kinachongojewa, na kwa dereva kinachongojewa ni petroli ya kuendeshea gari. Anapogonga tangi likavuma kama debe la methali, kwake ni tupu. Kwa mwenye kushika moto si tupu hata kidogo. Petroli huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo hulipuka unapokuwa baina ya sehemu 1.4 na 7.6 katika 100 za hewa. Tumepiga hesabu: kwa tangi la lita 45, kijiko kimoja cha chai cha petroli kikigeuka mvuke chatosha. Kijiko hicho hakikosekani ndani ya mshono na chini ya magamba ya kutu, nacho hutoka mara moto unapokaribia. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Tangi "tupu" ndilo bomu.

Jambo hili liliwahi kuonwa na mtu wa lugha. Benjamin Lee Whorf wa Marekani, aliyekuwa mkaguzi wa kinga ya moto katika kampuni ya bima huko Hartford, alieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1941 jinsi watu walivyojihadhari mbele ya mapipa ya petroli, kisha wakavuta sigara bila wasiwasi mbele ya mapipa yaliyoitwa matupu. Wanaisimu wengi wameyapinga aliyoyajenga juu ya mifano yake kuhusu lugha na fikra. Mapipa yenyewe hayakupata kupingwa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili zisizochanganywa: "tangi lililomwagwa", ambalo ni hatari, na "tangi lisilo na mvuke", yaani lililofukizwa mvuke wa maji, likajazwa maji au gesi isiyowaka, na kupimwa kwa chombo. Tumeulizwa kama "tangi safi" lisingetosha. Halitoshi. Tangi lililooshwa kwa sabuni na kukaushwa juani ni safi kwa mama wa nyumbani.

Neno la pili ni "kulehemu". Lehemu ni ile risasi na stani inayoyeyushwa na kupachikwa juu ya bati, na kazi hiyo yaweza kufanywa kwa chuma kilichopashwa moto, pasipo mwali. Kuyeyusha bati lenyewe kwa mwali wa gesi au kwa umeme, katika joto la nyuzi 1,500, mafundi wetu hukuita kuchomelea. Kijitabu cha asili kilikusudia la kwanza na kulikataza la pili. Mfasiri, na baadhi ya kamusi zetu humpa udhuru, ametumia "kulehemu" kwa yote mawili, hata ukurasa ukasomeka kama unaruhusu na kukataza jambo moja. Wapo mafundi wakongwe wasiokubali kuchomelea tangi la petroli kwa malipo yoyote, nao humwambia mwenye gari anunue jingine. Tafsiri isiwapinge.

Penye "moshi wa petroli" pawekwe "mvuke": moshi huonekana, huu hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani. "Boya" kwa kile kieleacho ndani ya tangi kikaendesha geji ni neno zuri, na tunalipokea. Ukurasa huo mmoja tumemrudishia mfasiri. Zilizobaki, zikisharekebishwa hayo machache, zaweza kwenda kwa mpiga chapa.