Utu Wema na Zamu ya Maji katika Milima ya Upare

Miongoni mwa maadili ya Kikristo, wema hutajwa sana mimbarini, lakini maana yake huchunguzwa mara chache. Katika Upare, toka Usangi na Ugweno kaskazini hata Suji, Mamba na Gonja kusini, ni rahisi kuufafanua wema huo kwa neno moja la wenyeji, yaani msaragambo. Watu huitwa, hutoka na majembe yao, na kazi ambayo ingemshinda mmoja hutimizwa na wote. Ufafanuzi huo wavutia, kwa kuwa waifanya Injili ionekane mwenyeji wa milimani. Walakini wafaa kupimwa, maana mambo mawili mema yakichanganywa, moja aghalabu humezwa na lingine.

Kipimo cha kwanza ni lugha yenyewe. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ijulikanayo kwa jina la Union Version, inapotaja matunda ya Roho katika Waraka kwa Wagalatia, huweka utu wema na fadhili bega kwa bega. Maneno hayo si pacha. Fadhili latoka katika Kiarabu, na asili yake yakaribiana na maana ya ziada: mwenye kingi humpa mwenye haba. Basi mtoaji husimama juu na mpokeaji chini, na ndiyo sababu Waswahili walitunga methali za kumlaumu asiyeshukuru, kama ile isemayo kwamba asante ya punda ni mateke. Utu wema hauna ngazi ya namna hiyo. Humdai mtu jambo moja tu, awe mtu kwa mwenziwe. Neno la Kiyunani lililo nyuma yake lina udugu na lile litumikalo katika Injili ya Mathayo kuisifu nira isiyochubua shingo. Wema, kwa maana hiyo, ni kumfaa mtu bila ya kumwumiza.

Kipimo cha pili ni maji. Nyanda za Same ni kavu, ilhali milima iliyo juu yake, ambayo kilele chake cha Shengena chafikia mita 2,462, huzuia mawingu na kupata mvua. Maji huteremka toka Vudee, hupita Bangalala, na yakisalia hufika Makanya. Wapare walibuni ndiva, bwawa dogo lipokealo maji ya kijito usiku kucha, ili mchana yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Ndiva na mifereji yake husafishwa na kutengenezwa kwa kazi ya pamoja, na anayekwepa kazi hiyo hudhoofisha haki yake ya kupewa maji. Ndiva haiulizi dhehebu. Mlutheri, Mwadventista, Mkatoliki na Mwislamu huweza kuinama juu ya tope lile lile.

Utaratibu huo ni mzuri, na ni wa haki. Lakini je, ndio utu wema? Aliyechimba hupata, na asiyechimba hukosa. Huo ni mlingano wa jasho kwa maji, na hata asiyemwamini Mungu aweza kuutimiza kwa ukamilifu. Umoja wa Wapare umekwisha kuonyesha nguvu zake katika mambo makubwa kuliko mfereji: mwaka 1945 maelfu walishuka toka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, habari aliyoiandika mwanahistoria Isaria Kimambo. Ushujaa ule wastahili heshima. Hata hivyo umoja wa walioonewa pamoja ni jambo moja, na wema kwa mtu asiyekuwamo katika umoja huo ni jambo jingine.

Hapo ndipo mfano wa Msamaria mwema unapowakata wasomaji wake. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko huteremka toka milimani hata bonde kavu, kama zile zishukazo Same na Makanya. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, kana kwamba ataka kuonyeshwa daftari la wanaostahili. Yesu hakumpa daftari. Alimgeuzia swali, akamtaka aseme ni nani aliyekuwa jirani wa yule aliyeumizwa. Msaragambo huanza na orodha ya majina, bali utu wema huanza pale orodha inapokoma: kwa mjane asiyeweza kushika jembe, kwa mgeni aliyehamia jana, kwa mkulima wa bondeni ambaye watu wa juu hawajapata kumwona uso.

Mtu aweza kujibu kwamba kila asiyechimba akipewa maji, hapatakuwa na wa kuchimba, na ndiva itajaa matope. Jibu hilo lina uzito. Anayemfungulia rafiki yake maji ya wengine usiku hakutenda wema. Ameiba, kisha akagawa. Lakini na tuutazame mfano tena. Msamaria hakuwaamuru wasafiri wengine wachange. Mafuta yalikuwa yake, divai yake, mnyama wake, na dinari mbili zilitoka mfukoni mwake. Kadhalika mwenye zamu aweza kuilinda sheria ya ndiva pasipo kuivunja, naye akakata sehemu ya maji yake mwenyewe yamfikie asiye na zamu. Mahindi yake yatapungua kidogo.

Basi msaragambo usiitwe utu wema, wala usidharauliwe kwa kutokuwa utu wema. Wenyewe ndio unaomhakikishia mtu zamu yake, na asiye na zamu hana cha kukata. Mhubiri anayewaambia wasikilizaji wake kwamba wamekwisha kuwa wema kwa kuwa walikuja na majembe, huwanyima nusu ya Injili. Nusu iliyobaki huanza zamu yao ifikapo, wakati maji yangali mikononi mwao.