Amri Moja, Kazi Mbili: Uhakiki wa Badiliko la Git

Walimu wa semantiki hupenda kuwapa wanafunzi sentensi hii: "Juma amepanda mnazi." Je, ameukwea au ameuotesha? Bila muktadha hatuwezi kuamua. Utata wa namna hiyo ndio uliotufanya tuhakiki badiliko moja la Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza matoleo yote ya kazi inayoandikwa na watu wengi. Ilibuniwa kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, lakini inawafaa pia watunga kamusi na faharasa.

Kwa miaka mingi amri ya "checkout" ilibeba kazi mbili: kuhamia tawi jingine la kazi, na kurudisha faili katika hali yake ya awali. Kazi hii ya pili hufuta marekebisho ambayo Git haijakabidhiwa. Tuseme mwandishi anataka kuhamia tawi la "methali", kumbe tawi hilo halipo popote, ila ipo folda yenye jina hilo. Programu itadhani amekusudia folda, na marekebisho yake ya siku nzima yatapotea. Msikilizaji wa habari za Juma angeweza kuuliza, kompyuta haiulizi.

Mwezi Agosti 2019, toleo la 2.23 lilileta amri mbili: "switch" ya kuhama na "restore" ya kurudisha. Kwa maoni yetu, hili ni jambo la busara. Mwandishi wetu akikosea jina la tawi, "switch" itakataa, na kazi yake itasalimika.

Hata hivyo, tunaona dosari mbili. Kwanza, amri ya zamani iliachwa ilivyo, na amri mpya zikabaki katika majaribio hadi toleo la 2.51 la mwaka 2025. Hivyo anayejifunza hana budi kujua amri tatu badala ya moja. Pili, "restore" nayo hufuta bila kuuliza. Jina limekuwa wazi, lakini hatari haijaondoka.

Tunaelewa kwa nini "checkout" haikuondolewa: neno lililozoeleka halifutwi kwa tangazo. Lakini mwalimu ana hiari ya kuchagua aanzie wapi. Tunapendekeza wanaoanza wafundishwe amri mpya kwanza, waonywe mapema kuhusu "restore", na "checkout" waelezwe baadaye, ili waitambue watakapoikuta katika maandishi ya wengine.